Kabla ya likizo: barua ya kiongozi wa elimu wa wilaya kwa wafanyakazi wake

MwandikaUbao:

Wakuu, habari za kazi.

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyewahi kumlea kazini, ambaye mwaka huu ameshika uongozi wa elimu wa wilaya kwa mara ya kwanza, aliniomba jambo dogo. Shule zinakaribia kufungwa na anataka kuwaandikia wafanyakazi wake wote, awashukuru na kuwaeleza mambo yamefikia wapi. Akasema, "Mzee, nitumie tu moja ya barua zako za zamani, mimi nitabadilisha tarehe." Nikazitafuta. Nilipozisoma tena, zile za miaka ya mwanzo nikaona siwezi kumpa hata moja. Nimeona niulete mjadala huu hapa, maana humu tupo tulioandika barua za aina hiyo na wengi zaidi waliozipokea.

Nilikaa darasani miaka 11, nikawa mwalimu mkuu, kisha nikaongoza wilaya miaka 9. Barua yangu ya kwanza ya kufunga muhula ilijaa ukurasa mmoja na nusu. Nilishukuru kwa kujituma, kwa moyo wa kujitolea, kwa ushirikiano. Nikawatakia mapumziko mema wao na familia zao. Niliituma Ijumaa jioni watu wakiwa wameshaondoka, nikafunga ofisi nikiwa nimeridhika kabisa.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu mmoja, mama mtu mzima ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika, alinisubiri nje ya kikao. Akaniambia, "Barua yako tuliisoma mara mbili, tukitafuta kama wenzetu wa mkataba watarudi. Hatukuona." Katika shule yake walikuwa watatu. Likizo nzima hawakujua kama wana kazi au hawana. Mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta kwingine, na tulimpoteza wiki mbili baadaye.

Ni kweli kwamba uamuzi wenyewe sikuwa nao wakati ule. Lakini nilijua bodi ingekaa lini! Ningeandika tu kwamba suala la mikataba litaamuliwa siku fulani na kwamba nitawajulisha siku hiyohiyo, watu watatu wangelala. Nilikuwa na nafasi ya ukurasa mmoja na nusu, na nikaijaza kwa maneno ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: taarifa ya kweli ndiyo mwanzo wa shukrani. Mtu unayemthamini humwachi aende nyumbani na wasiwasi ambao wewe ungeweza kuupunguza.

Nawaombeni mchangie, hasa mnaopokea barua hizi. Mnatafuta nini mnapozifungua?

Chaki Tano:

Mzee heshima yako. Mimi nina miaka sita darasani na nitasema wazi. Natafuta fedha. Tuna malimbikizo ya saa za ziada tangu muhula uliopita. Kila tukifunga tunaandikiwa kwamba sisi ni nguzo ya taifa la kesho, halafu tunafungua na malimbikizo yako palepale. Imefika mahali neno "asante" kutoka ofisini likija, mtu anajua kuna kitu hakijalipwa. Sina chuki na mtu, naeleza tu linavyosikika huku chini.

MwandikaUbao:

Mwalimu Chaki, umegusa penyewe.

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu kuhusu nyakati walizoipenda kazi na nyakati walizoichukia, wakachapisha matokeo mwaka 1959. Waliona kwamba mambo yanayomchukiza mtu kazini ni ya aina moja: mshahara, usimamizi, taratibu za ofisi, mazingira. Yanayompa moyo ni ya aina nyingine: kufanikisha kazi, kutambuliwa, kupewa jukumu. Wapo waliomkosoa baadaye kwa njia aliyotumia, ila kwa miaka yangu yote sijaona likikosea jambo moja: aina moja haifuti deni la aina nyingine. Ukimlipa mtu vizuri na usimtambue, ataendelea kufanya kazi lakini moyo utakuwa mbali. Ukimshukuru na humlipi, shukrani yenyewe inaanza kumuudhi, kama ulivyoeleza.

Kwa hiyo mahali penye deni, kiongozi aliandike deni. Aseme ni la nini, la muda gani, limekwama wapi, na nani analifuatilia. Nimewahi kuandika hivi: "Malipo ya saa za ziada ya muhula uliopita hayajatoka. Hati ziko mezani kwa mhasibu wa wilaya tangu wiki ya nane. Kosa ni letu, tulizichelewesha wiki tatu." Niliogopa sana kuituma ile barua. Kilichotokea ni kwamba simu za kulalamika zilipungua, kwa sababu watu walikuwa na kitu cha kushika.

Halafu kuna hili ambalo nadhani viongozi wenzangu hawalipi uzito. Katika uchunguzi wa mwaka 2018 kuhusu walimu, ule unaoitwa TALIS, uliofanywa na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri), walimu karibu tisa kati ya kumi walisema kwa ujumla wanaridhika na kazi yao. Walipoulizwa kama jamii inaithamini kazi hiyo, waliokubali walikuwa asilimia 26 tu kwa wastani wa nchi za OECD. Yaani watu wanaipenda kazi, na wanaamini hakuna anayeiona. Hilo pengo ndilo barua ya kufunga muhula inaweza kuligusa, hata kwa kidogo, ikiwa imeandikwa na mtu ambaye kweli ameiona kazi.

Kengele ya Asubuhi:

Naomba kuongeza upande wa walimu wakuu. Barua ikitoka wilayani inakuja kwenye barua pepe ya shule. Naisoma mimi, anaisoma makamu, labda naisambaza kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Mpishi hayumo kwenye kundi lile. Mlinzi wa usiku hayumo. Dereva wa basi la shule hayumo. Mwaka juzi mhudumu wetu wa usafi aliona barua imebandikwa ubaoni, akaniuliza kama na yeye ni "mfanyakazi mwenzangu" aliyetajwa mstari wa kwanza. Nilimwambia ndiyo. Akasema, "Basi mbona hakuna aliyenisomea?"

Tangu hapo naisoma kwa sauti kwenye kikao cha mwisho, na kikao hicho naita kila mtu aliye kwenye orodha ya malipo ya shule, wa kudumu na wa kibarua. Mlinzi wa usiku huwa namfuata mwenyewe jioni na nakala yake. Inachukua dakika kumi.

MwandikaUbao:

Mwalimu mkuu, Mungu akubariki kwa hilo la mlinzi.

Hapo umenileta kwenye sehemu ya pili, shukrani yenyewe. Tatizo la shukrani nyingi za ofisini ni kwamba zinaweza kutumwa kwa wilaya yoyote, mwaka wowote, na zisikosee. "Nawashukuru kwa juhudi zenu." Juhudi zipi?

Nilichojifunza kufanya ni kuanza mapema. Wiki tatu kabla ya kufunga, nilikuwa nawapigia walimu wakuu wote na kuwauliza swali moja: muhula huu nani amefanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza? Nawauliza kwa simu, kwa sababu kwenye fomu utaletewa sentensi za fomu. Mwanzoni wengi husema "wote wamejitahidi." Unakaa kimya kidogo. Halafu anakumbuka. Kuna dereva aliyegundua kuwa mtoto mmoja kila siku anashuka kituoni na hakuna mtu wa kumpokea, akatoa taarifa, ikabainika mtoto anakaa peke yake hadi usiku. Kuna karani aliyekuta kumbukumbu za wanafunzi zimelowa kwa bomba lililopasuka, akazikausha karatasi moja moja na kuandika upya zile zilizofutika. Kuna mwalimu aliyeunganisha madarasa mawili kwa wiki tano mwenzake akiwa amelazwa, na hakuacha kusahihisha hata daftari moja.

Mambo kama hayo ndiyo niliyokuwa naandika. Kwenye barua ya wote nilikuwa nataja tendo na mahali pa kazi, sitaji majina. Ukianza kuorodhesha majina ya watu kumi na mbili, wa kumi na tatu ambaye naye alistahili anasoma hadi mwisho akijitafuta. Mwenyewe aliyefanya nilimwandikia kipande chake peke yake, kwa mkono, sentensi nne au tano.

Najua kuna viongozi wanaoona haya kuandika vipande kama hivyo. Wanadhani vitaonekana vya ajabu, au hawajui waseme vipi. Amit Kumar na Nicholas Epley walilipima jambo hili hasa, utafiti wao ukachapishwa mwaka 2018. Waliwataka watu waandike barua ya shukrani kwa mtu aliyewagusa, kisha wakadirie atakavyojisikia akiipata. Waandikaji walikadiria chini mshangao na furaha ya wapokeaji, na wakakadiria juu jinsi watakavyoona haya. Walihangaika na ufasaha wa maneno, wakati wapokeaji walichokiona zaidi ni ukunjufu wa moyo. Baada ya kusoma ule utafiti niliacha kuandika rasimu za vile vipande. Nilikaa, nikamkumbuka mtu, nikaandika.

Daftari la Fedha:

Habari zenu. Mimi ni mhasibu ofisi ya wilaya, huwa nasoma tu, leo nimeona nichangie.

Mzee MwandikaUbao, kila mwaka barua inasema "nendeni mkapumzike, mnastahili." Sisi hatuendi. Shule zikifungwa ndipo tunafunga hesabu, ndipo mafundi wanaingia kurekebisha mapaa na vyoo, ndipo vifaa vinapokelewa na kuhesabiwa, ndipo watu wa takwimu wanasafisha orodha za wanafunzi. Likizo yetu iko wakati mwingine, na wakati mwingine haipo. Unasoma barua ya kukutakia mapumziko ukiwa na lundo la hati mbele yako, unajiona kama ofisi imesahau uko. Si jambo kubwa. Ila limeniuma miaka mingi na sijawahi kumwambia mtu.

MwandikaUbao:

Dada (au kaka, nisamehe sijui), miaka yangu yote 9 niliandika sentensi hiyo. Yote. Ofisi ya fedha ilikuwa mlango wa tatu kutoka wangu, na sikuwahi kuisoma barua yangu nikiwa nimekaa kwenye kiti chenu. Nisamehe kwa niaba ya wote tulioandika hivyo.

Inabidi barua ieleze wazi nani anabaki kazini, kwa kazi gani, na atapumzika lini. Na tarehe ya mapumziko yake iandikwe na kiongozi, kama zilivyoandikwa za walimu.

Daftari la Fedha:

Ni dada. Asante, Mzee. Nimesikia.

Mama Zamu ya Kwanza:

Mimi ni muuguzi wa shule. Naomba tusisahau kwamba likizo si furaha kwa kila mtu. Mwaka ambao mwenzetu alifariki katikati ya muhula, barua ilikuja imejaa "mwaka wa mafanikio makubwa." Meza yake bado ilikuwa na vitabu vyake. Hatukusema chochote, lakini nadhani hakuna aliyeimaliza.

MwandikaUbao:

Pole sana, mama. Pole kwa wote wa shule hiyo.

Hilo nililifanya vibaya mara moja na sawasawa mara mbili, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Kwanza unazungumza na familia, uwaulize kama wangependa ndugu yao atajwe, na atajwe vipi. Wakikubali, unamtaja mwanzoni kabisa, kabla ya taarifa yoyote, kwa kazi aliyoifanya na si kwa sifa za msibani. Mistari miwili mitatu inatosha. Halafu unaacha nafasi na kuendelea. Usimweke mwishoni, kwa sababu mwishoni anakuwa kama jambo lililokumbukwa baadaye. Na usiite mwaka ule wa mafanikio makubwa hata kama matokeo yalipanda.

Naomba pia niseme kuhusu kimya cha likizo, maana ndicho kinachofuata barua, na ndicho kinachovunjwa mara nyingi zaidi.

Shirika la Afya Duniani liliupa nafasi uchovu wa kazi katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, iliyopitishwa mwaka 2019. Hawakuuita ugonjwa. Waliueleza kama hali inayotokana na msongo wa kazini uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa, na dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufai tena kwenye kazi hiyo. Wengi hapa mnazijua hizo dalili bila kusomewa. Walimu wengi hawaachi kazi kwa siku moja, huanza kwa ile ya pili.

Sasa, likizo inasaidia? Inasaidia, kwa muda. Mina Westman na Dov Eden waliwafuatilia makarani wa ofisi kabla ya likizo, wakiwa likizoni na baada ya kurudi, wakachapisha mwaka 1997. Uchovu ulishuka watu walipokuwa likizo. Siku tatu tangu kurudi ulikuwa umeanza kupanda, na kufikia wiki ya tatu ulikuwa umerudi palepale. Naye Sabine Sonnentag, ambaye amelichunguza jambo hili miaka mingi, anaonyesha kwamba kinachomrudishia mtu nguvu ni akili yake kujitenga na kazi. Mwili ukiwa nyumbani na simu inalia kila saa kutoka ofisini, huko si kupumzika.

Mimi nilikuwa mkosaji mkubwa wa hili. Nilikuwa na mazoea ya kutuma "ujumbe mdogo tu" siku ya nne ya likizo, kuuliza takwimu fulani. Ujumbe mmoja kwangu, na shule thelathini na kitu zinaanza kupigiana simu. Nchini Ufaransa tangu tarehe 1 Januari 2017 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshughulika na simu na barua pepe za kazi nje ya saa za kazi. Kwetu sisi tuliosimamia shule haikuhitajika sheria, ilihitajika mimi niache simu chini.

Mwishowe niliweka utaratibu na kuuandika kwenye barua. Kuna namba moja ya dharura, inashikwa kwa zamu na watu wa ofisi ya wilaya, mimi nikiwemo. Dharura ni moto, mafuriko, mtoto kuumia, au polisi wakihitaji mtu. Takwimu si dharura. Na siku tatu za kwanza baada ya kufungua, ofisi ya wilaya haiiti kikao chochote. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoshukuriwa zaidi kuliko maneno yangu yote.

Mgeni Ofisini:

Wakuu, mimi ndiye kijana aliyetajwa kwenye uzi. Nimesoma yote. Mzee alinikatalia barua za zamani na sasa naelewa kwa nini. Nimeandika rasimu yangu, naiweka hapa mnisaidie, nataka itoke Jumatano.

"Ndugu wafanyakazi wenzangu, tunapoelekea kufunga muhula, napenda kuchukua fursa hii kuwashukuru nyote kwa kazi kubwa na ya kujitoa. Muhula huu tumepata mafanikio mengi pamoja na changamoto za hapa na pale. Mchakato wa kujaza nafasi za walimu unaendelea vizuri. Masuala ya malipo yanashughulikiwa. Kama ishara ya shukrani zetu, tunawapa mapumziko haya mnayostahili. Nawatakia likizo njema, tukutane tukiwa na nguvu mpya."

Kengele ya Asubuhi:

Kiongozi, hongera kwa kuiweka wazi mbele ya watu. Nina moja tu. "Tunawapa mapumziko haya" uitoe. Mapumziko si yako kuyatoa. Mapendekezo ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO (shirika la elimu la Umoja wa Mataifa) kuhusu hadhi ya walimu, yaliyopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, yanasema walimu wawe na haki ya likizo ya mwaka ya kutosha yenye malipo kamili. Ndiyo maana Siku ya Walimu Duniani inaadhimishwa tarehe 5 Oktoba, tangu 1994. Mwalimu akisoma kwamba amepewa likizo kama zawadi, anasoma kwamba inaweza pia kunyimwa.

Chaki Tano:

Na mimi moja. "Unaendelea vizuri" na "yanashughulikiwa." Haya ndiyo maneno niliyoyasema mwanzo. Nafasi zilikuwa ngapi? Zimejazwa ngapi? Malipo yapo wapi? Hata kama jibu ni baya, liandike. UNESCO inakadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 wa msingi na sekondari, na zaidi ya nusu yao ni wa kuziba nafasi za wanaoondoka. Wanaoondoka ni sisi. Usituogope, kiongozi, tueleze.

Mgeni Ofisini:

Asanteni. Nimekaa nayo usiku kucha. Nimewapigia walimu wakuu kama Mzee alivyosema, na kweli ukinyamaza kidogo wanakumbuka. Hii ndiyo ya pili:

"Ndugu wafanyakazi wenzangu wa shule zote na wa ofisi ya wilaya,

Tuliuanza muhula huu tukiwa na nafasi saba wazi za walimu wa hesabu na sayansi. Tumejaza nne. Tatu bado, na shule tatu zitafungua zikiwa na pengo hilo. Walimu wakuu wa shule hizo wanajua, na ratiba za kugawana vipindi tumeziandaa nao.

Malipo ya saa za ziada hayajatoka. Tulichelewa kuwasilisha hati. Ziliwasilishwa wiki iliyopita, na fedha zitaingia tarehe ____. Wenzetu wa mkataba: bodi itakaa wiki ya kwanza ya likizo, na mwalimu mkuu wa kila shule atampigia kila mhusika siku hiyohiyo, jibu likiwa zuri au baya.

Muhula huu mpishi mmoja aligundua watoto wawili wanaoficha chakula waende nacho nyumbani, akamwambia muuguzi kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Mwalimu mmoja wa mwaka wa kwanza kazini alikwenda kwa mwenzake mkongwe na kusema hajui kufundisha sehemu za hesabu, yaani nusu, robo na kadhalika, na wakakaa pamoja kila Alhamisi hadi darasa likaelewa. Mafundi wetu walirudisha umeme kwenye jengo la madarasa usiku mmoja wa mvua ili mitihani isisogee. Haya niliyasikia kwa sababu niliuliza. Yapo mengi sikuyasikia, na kwa hayo pia nawashukuru.

Wenzetu wa fedha, takwimu, ujenzi na ulinzi mtabaki kazini wakati shule zimefungwa. Ratiba ya mapumziko yenu imebandikwa leo pamoja na barua hii, na nimeisaini mimi.

Hadi siku ya kufungua sitawatumia ujumbe wa kazi. Namba ya dharura iko chini. Siku tatu za kwanza hakuna kikao cha wilaya."

Sijaweka maneno ya kumalizia. Nimeyajaribu mengi na yote yalirudi kuwa yale ya mwanzo.

Mama Zamu ya Kwanza:

Yaache hivyohivyo. Na kuhusu yule mpishi, muulize kwanza. Shule yake itamjua hata bila jina, na watoto wale nao wasije wakajulikana.

Mgeni Ofisini:

Kweli kabisa, mama. Nitampigia leo. Asipokubali naiondoa.

MwandikaUbao:

Kijana wangu, hii ningeisaini. Ni nafasi moja tu imebaki, ile ya tarehe. Usiitume ikiwa wazi, na usiandike "hivi karibuni." Kama bado hujapata jibu, andika siku utakayolipata.

Daftari la Fedha:

Kiongozi, kwa uzoefu wa meza yangu: usimuulize mhasibu wako "lini zitatoka." Atakujibu kwa tahadhari. Muulize hati zipo hatua gani na hatua zilizobaki huchukua siku ngapi kila moja. Hapo atakupa tarehe anayoweza kuisimamia.

Mgeni Ofisini:

Nimemuuliza hivyohivyo asubuhi hii. Amehesabu mbele yangu kwenye karatasi, akaongeza siku mbili za tahadhari. Ni tarehe 12. Yule mpishi amekubali, ila ameomba niseme "watoto" tu, nisiseme wangapi. Nimebadilisha. Barua inasomwa kesho saa nne kwenye shule zote, na nakala za walinzi wa usiku ziko kwenye mfuko wangu.